Samaki gani tutie katika mupunga wetu?

Ndugu na dada wanachama, mkutano mkuu unakaribia na komite itatuuliza swali moja ambalo limekwisha kutugawa hapa Sange tangu mavuno yaliyopita: koperative inunue samaki gani wa kutia katika mashamba ya mupunga? Wengine wanasema kambale. Wengine wanasema tilapia. Kuna na wale wanaosema kila mutu atie anachopenda katika parseli yake, mambo yaishe. Sisi wa kikundi cha samaki tumeamua kuandika maoni yetu mapema, ili watu wafike mkutanoni wakiwa wamekwisha kufikiri, si kupiga makofi tu. Ni maoni yetu sisi, shirika linalotoa jarida hili halikututuma.

Tunasema hivi: katika mupunga tutie samaki mdogo, mpole, asiyekula wenzake na asiyekata mupunga. Yaani tilapia wa Ruzizi, yule mwenye mistari katika mkia. Na kambale tumkataze katika kanali yote, hata kwa yule atakayesema "hapa ni kwangu." Tunajua neno hilo la mwisho litaleta kelele, basi acheni tulieleze.

Tuanze na yale yaliyotupata wenyewe. Msimu uliopita tulifanya jaribio katika parseli moja ya ari 10, karibu na mwisho wa kanali. Tulichimba mtaro ndani ya shamba, tukainua matuta, tukapandikiza mupunga, tukangoja siku kumi na tano mpaka mizizi ikashika vizuri, kisha tukatia alevini 400 wa tilapia. Kila mutu wa kikundi alichanga kidogo. Mwenye parseli, mama mmoja mjane, alikuwa anapita asubuhi na jioni na pumba za mupunga, mara ingine na mabaki ya bugali. Mwezi wa kwanza tuliona midomo yao juu ya maji kila asubuhi, tukafurahi. Mwezi wa pili wakaanza kupungua. Tukasema ni ndege. Tukamshuku hata kijana fulani wa jirani, Mungu atusamehe.

Siku ya kukausha maji tulishuka mtaroni na vitunga. Tilapia hawakufika mia moja. Na chini kabisa, ndani ya matope, tulitoa kambale saba, wanene, matumbo yamejaa. Hakuna hata mmoja wetu aliyewatia. Waliingia kwa kanali wangali wadogo kama kidole, kwa sababu huko juu wenzetu wawili walikuwa wametia kambale katika parseli zao bila kusema. Wale kambale saba tuliwapika palepale, na tuseme ukweli, walikuwa watamu. Lakini mama mwenye parseli hakula. Aliuliza tu: "Sasa zile mia ine njo hizi saba?"

Hatukuwa na jibu. Wengi kati yetu hapa wamekimbia na kurudi, wamekimbia tena na kurudi tena, na akiba yote waliyo nayo ni ile inayoonekana shambani. Mutu wa namna hiyo hawezi kupoteza mchango wake mara mbili halafu akaendelea kuamini koperative.

Mwanachama mmoja, tunamheshimu sana, alisimama katika kikao kidogo akasema: "Kambale anakomaa mbio, anauzishwa bei. Juu ya nini munatukataza?" Ana haki ya kuuliza. Kambale anakua haraka kweli. Anavumilia maji machafu, maana ana kiungo cha kupumua hewa ya nje, na maji yakipungua ambapo tilapia angekufa, yeye anajilaza ndani ya matope akingoja. Mutu mwenye watoto wanne wa kulipia shule akimwona kambale anaona minervali. Hatumcheki.

Lakini angalieni kinywa chake. Ni kipana, na kila kinachoweza kuingia humo ni chakula: wadudu, vyura, alevini wa tilapia, na hata kambale wenzake walio wadogo kumpita. Tena hakai alipowekwa. Usiku wa mvua, majani ya tuta yakiwa yamelowa, anaweza kutambaa na kuvuka kwenda kwa jirani. Kwa hiyo yule anayesema "hapa ni kwangu" hasemi kweli, hata kama karatasi za parseli anazo. Maji yanayoingia kwake saa mbili yanatoka kwa mwenzake saa tatu. Mwenye parseli ya juu akitia kambale, amewatilia kambale watu wote wa chini, na wa chini kwetu wengi ni wajane na vijana waliopata ardhi mwisho.

Wengine watatuambia kwamba wataalamu wa ufugaji wenyewe wanashauri kuchanganya kambale na tilapia. Ni kweli, na tusifiche. Tilapia ana tatizo lake: anaanza kuzaa angali mdogo, anazaa tena na tena, na kidimbwi kinajaa watoto wanaogombania chakula hadi wote wanadumaa. Wazee wanakumbuka vidimbwi vya wakati wa Wabelgiji. Katika miaka ya 1940 na 1950 vilichimbwa makumi ya maelfu katika Kongo yote, na sababu moja iliyofanya watu waviache ni hiyo hiyo: jasho mingi, samaki wa kidole. Ndiyo maana mtaalamu anatia kambale wachache, na anawatia wakiwa wadogo kuliko tilapia, ili wale watoto wanaozidi na wasiweze kuwameza wakubwa. Lakini huyo ana kidimbwi kirefu, kilichofungwa, na hesabu yake ameiandika. Shamba la mupunga lina maji ya kufika kwenye kifundo cha mguu, na samaki wetu wanakaa humo miezi mitatu au minne tu kabla ya mavuno. Hawapati muda wa kuzaa mpaka wajazane. Dawa ile ni ya ugonjwa ambao sisi hatuna.

Sasa tuwapeleke mbali kidogo, halafu tutarudi. Huko Ulaya, Japani na Marekani kuna watu wanaofuga samaki wa ziwa letu Tanganyika ndani ya masanduku ya kioo, wengine na mimea ya maji imepandwa humo humo. Hawawali. Wanawaangalia tu, jioni, wakiwa wamekaa kwenye kiti. Kutoka Bujumbura, hapo ng'ambo tu, Mbelgiji Pierre Brichard aliwatuma kwa ndege tangu miaka ya 1970, na samaki mmoja mdogo wa kwenye mawe alipewa jina lake mwaka 1974, Neolamprologus brichardi. Tulipoyasoma hayo tulicheka. Mutu ananunua samaki, anamlisha yeye, badala samaki amlishe yeye!

Kisha tukaacha kucheka, kwa sababu watu hao wakikosea kuchagua wanaamka asubuhi na kukuta sanduku lina samaki mmoja mnene. Ni sisi kabisa siku ile ya mtaro. Basi wamejifunza kuuliza kabla ya kununua. Huyu kinywa chake kinaweza kummeza nani? Anakula mimea au anaiacha? Anashika pahali na kufukuza wenzake, ama anatembea na kundi? Akikomaa atakuwa na ukubwa gani? Kuhusu bei wanauliza mwisho. Sisi hapa tumezoea kuanza na bei.

Na wanajua jambo lingine ambalo liko ziwani mwetu wenyewe: udogo si upole. Kuna samaki wa pwani zetu anayeitwa na wataalamu Perissodus microlepis. Hazidi urefu wa kiganja. Kazi yake ni kuwavizia wenzake kutoka nyuma na kuwang'oa magamba, hayo ndiyo chakula chake. Kinywa chake kimepinda, kwa wengine kushoto na kwa wengine kulia, na kila mmoja anashambulia upande mmoja tu wa mwili wa samaki. Mjapani Michio Hori, ambaye amechunguza samaki wa ziwa hili miaka mingi, aliieleza dunia habari hiyo mwaka 1993. Kwa hiyo mutu akija na ndoo ya visamaki akasema "hivi ni vidogo, haviwezi kufanya kitu," mwulizeni kwanza vinakula nini.

Turudi kwa tilapia, maana hata yeye si mmoja. Hapa ndipo tunaomba macho yenu, kwa sababu sokoni wote wanaitwa tilapia na muuzaji hatakutofautishia.

Wa kwanza ndiye tunayemtaka, wataalamu wanamwita Oreochromis niloticus. Anaishi tayari katika Ruzizi. Mkia wake una mistari mingi myembamba iliyosimama, mmoja nyuma ya mwingine. Jike anabeba mayai na watoto ndani ya kinywa chake. Anakula ule ukijani wa majini, vijidudu, pumba tunazomtupia, na mupunga uliokwisha shika mizizi anauacha. Akitafuta chakula anatikisa matope, na mavi yake ni mbolea. Wa pili ni Coptodon rendalli. Huyu mkia wake sehemu ya chini ni nyekundu ama njano, sehemu ya juu ni ya kijivu, na mara nyingi kifua chake ni chekundu. Mayai anayalinda chini, ndani ya shimo, si kinywani. Ni samaki mzuri wa kidimbwi, mutu anamtupia majani na yeye anakula. Ila ni mlaji wa mimea hasa. Kuna mwanachama aliyefikiri atamsaidia kupalilia. Wapi! Rendalli hajui kutofautisha magugu na mupunga.

Katika ndoo ya alevini wadogo kabisa kazi ni ngumu zaidi, alama za mkia bado hazijaonekana vizuri. Ndiyo sababu tunapendekeza koperative isinunue alevini wa kuokota okota kandokando ya muto. Tununue kwa mfugaji mmoja ambaye tumefika kwake, tumeona wazazi wa hao samaki kwa macho yetu, na tuchukue wa kimo kimoja. Hesabu ya samaki 3 hadi 5 kwa kila mita 10 za mraba inatosha. Tamaa ya kutia wengi itatupa wengi waliokonda.

Na kuhusu samaki kutoka mbali tunasema hapana, bila kuzunguka. Tumesikia habari ya mashamba ya Madagaska, kule milimani upande wa Antsirabe, ambako watu wanafuga karpi ndani ya mupunga. Ni sawa kwao, kwao ni baridi na karpi wamezoeana naye. Sisi maji yetu yanashuka Ruzizi, na Ruzizi inaingia Tanganyika, ziwa lenye aina za samaki zaidi ya 200 ambazo nyingi hazipatikani pengine popote duniani. Mvua kubwa moja na tuta linavunjika. Hakuna mutu wa hapa aliyesahau mafuriko ya Uvira ya Aprili 2020, yalibeba nyumba, sembuse samaki. Tunachotia shambani tujue kwamba siku moja kitafika ziwani. Katika ziwa Victoria walitia sangara katika miaka ya 1950. Leo sangara ni biashara kubwa kule, lakini aina nyingi sana za furu, wale wadogo waliokuwa chakula cha kila siku, zimepotea.

Mutu atatujibu: na sambaza je? Sambaza walitolewa ziwani mwetu wakapelekwa Kivu kati ya 1958 na 1960, na mpaka leo Bukavu na Goma wanawala. Ndiyo. Ile ilikwenda vizuri, na hatuwezi kuwanyang'anya watu wa Kivu furaha yao. Lakini kwa kila sambaza tunajua kuna sangara wake, na koperative ya wakulima haina pesa ya kulipa kosa la namna hiyo. Tuna samaki anayefaa hapa hapa, hakuna haja ya kucheza bahati nasibu.

Jambo moja zaidi, maana ni kosa tunaloliona kila siku. Kwenye mdomo wa maji ya kuingia na wa maji ya kutoka lazima kuwe kizuizi, bila hicho maneno yote haya ni bure. Msitumie chandarua cha mbu kilichotiwa dawa. Dawa ile inaua mbu na inaua samaki vilevile, tena mbio. Chandarua ni cha watoto kulala. Sukeni kizuizi cha mianzi ama cha matete, kilichokazwa, au tafuteni waya wenye matundu madogo, na mukisafishe kila siku kwa sababu majani yatakiziba. Na dawa za wadudu ndani ya mupunga wenye samaki tusipige. Anayeona lazima apige, asitie samaki msimu huo. Si aibu.

Je, tilapia wa mupunga atatutajirisha? Hapana. Katika miezi hiyo mitatu au minne atakuwa samaki wa kiganja, si wa kuweka kwenye sahani ya hoteli. Wanaume wengi katika kikao walikunja uso waliposikia hivyo. Wamama hawakukunja. Wanajua kwamba samaki wa kiganja anauzwa kwa fungu, na fungu linanunuliwa na jirani asiye na pesa ya kambale mzima. Wanajua pia kwamba samaki wa fungu anabaki nyumbani, anaingia sufuriani, ilhali kambale mkubwa anapita mlangoni akienda sokoni na watoto wanamwangalia. Ndagala nao si wa kutegemea kila siku. Mwaka 2024 Tanzania ilifunga uvuvi upande wake kwa miezi mitatu, katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti, ili samaki wazaliane. Ziwa limechoka, kila mutu anayenunua ndagala anaona bei.

Basi tunaomba mkutano ukate neno moja kwa kanali nzima. Tilapia wa mistari peke yake katika mupunga. Vizuizi kwenye parseli zote, pamoja na zile ambazo mwenyewe hataki samaki, kwa sababu samaki wa jirani atapita kwake. Kambale aruhusiwe katika vidimbwi vilivyofungwa, mbali na kanali, visivyomwaga maji yake humo. Wale wawili wenye kambale sasa tusiwaaibishe mbele ya watu. Wapewe msimu mmoja wa kuwavua na kuuza, na kikundi chetu kitakwenda na majembe kuwasaidia kuchimba kidimbwi, kama wakitaka. Faini ikiwekwa, iwekwe na mkutano wala si na komite. Na parseli ya yule mama ndiyo ipewe alevini wa kwanza watakaonunuliwa, bila yeye kuchanga tena. Katika kikundi chetu wenyewe hilo la mwisho halikupita bila mabishano, mmoja alisema hasara ni ya wote. Tuliobaki tuliona hasara ilikuwa ya wote kwa maneno, lakini aliyewapelekea pumba asubuhi na jioni alikuwa mmoja.

Siku ya mkutano tutaleta ndoo mbili, moja na tilapia wa mistari, nyingine na yule wa mkia mwekundu, wakubwa wa kutosha kuonekana vizuri. Zitawekwa karibu na mlango. Kabla ya kuketi kila mutu ainame aangalie mkia, na asiyeona vizuri amwite mtoto wake wa shule amwangalilie.